Mafundi wa mvuke wa Olkaria na mikataba ya ng'ambo: Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, inafahamika kwa mvuke unaopaa juu ya Mbuga ya Hell's Gate na kwa umeme unaotokana nao. Lisilotajwa sana ni kwamba mahali hapo pamegeuka kuwa chuo cha kazi. Tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1981, zaidi ya visima 300 vimechimbwa katika eneo hilo, na kila kisima kimeacha nyuma yake watu wanaojua kazi ambayo ni wachache duniani wanaoijua.

Ujuzi huo sasa unatafutwa nje ya mipaka. Mwaka wa 2019 kampuni ya kuzalisha umeme nchini, KenGen, ilipata kandarasi mbili za kuchimba visima vya mvuke nchini Ethiopia, moja huko Aluto-Langano na nyingine Tulu Moye. Mwaka wa 2021 ikapata nyingine nchini Djibouti, ya visima vitatu katika eneo la Ziwa Assal. Tanzania nayo, ambako nishati hii huitwa jotoardhi, imekuwa ikichunguza eneo la Ngozi mkoani Mbeya. Mbali na hayo, kampuni za mafuta na gesi za nchi za Ghuba huajiri wachimbaji, makanika, mafundi wa umeme na wachomeleaji kutoka kokote wanakopatikana.

Kwa fundi anayeishi Naivasha, nafasi hizo huonekana kama mlango uliofunguka ghafla. Kazi nyingi za Olkaria ni za mkataba, na mkataba huisha pamoja na mradi. Ujenzi wa Olkaria IV na wa mitambo ya nne na ya tano ya Olkaria I, uliokamilika kati ya 2014 na 2015, ulikuwa umewapa watu wengi riziki, na ulipomalizika wengi wao walirudi kutafuta. Mtu aliyewahi kupitia hali hiyo hashangazi anapoitikia mwito wa kwanza kutoka ng'ambo bila kuuliza mengi. Hata hivyo, yako mambo ambayo ni rahisi kuyauliza siku ya mahojiano na ni magumu mno kuyauliza ukiwa jangwani.

La kwanza ni kumjua mwajiri mwenyewe. Kazi ya nje huja kwa sura tatu, na mara nyingi watu huzichanganya. Mfanyakazi wa kampuni ya Kenya anayetumwa Ethiopia au Djibouti hubaki mfanyakazi wa kampuni hiyo: mshahara wake, pensheni yake na nafasi yake ya kurudi viko pale pale, na juu yake huongezwa marupurupu ya kuwa mbali na nyumbani. Anayeajiriwa moja kwa moja na kampuni ya kigeni hana kamba hiyo ya kumvuta nyumbani; haki zake ni zile zilizoandikwa katika mkataba, pamoja na zile ambazo sheria ya nchi aendayo inampa mgeni. Wa tatu ni yule anayeajiriwa na wakala, kisha wakala akamkodisha kwa kampuni nyingine. Huyu anaweza kufanya kazi mwaka mzima chini ya nembo ya kampuni kubwa, kumbe kampuni hiyo haina naye mkataba wowote. Malipo yakichelewa, kampuni itamwelekeza kwa wakala, na wakala atasema bado hajalipwa na kampuni.

Kwa hiyo swali la kuuliza mapema, hata kabla ya kutaja mshahara, ni hili: jina la nani litaandikwa kwenye mkataba kama mwajiri, na ameandikishwa katika nchi gani?

Baada ya hapo ndipo huja mahojiano yenyewe, na hapa wachimbaji wa Olkaria wana upungufu mmoja ambao unaweza kurekebishwa. Rubani wa ndege anapokwenda kuomba kazi katika mashirika ya Ghuba, ambako marubani kadhaa wa Kenya wamekwenda kwa miaka mingi, hubeba daftari linaloonyesha saa zake zote za kuruka, aina ya ndege na kazi aliyoifanya ndani yake. Mwajiri hana haja ya kuamini maneno; anasoma daftari. Mchimbaji wa mvuke aliyeshiriki visima ishirini mara nyingi hufika na barua moja ya ajira isemayo kwamba alifanya kazi tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani kwa bidii na uaminifu. Barua ya namna hiyo haimtofautishi na aliyefagia kambi, ingawa kufagia kambi nako ni kazi ya heshima.

Daftari la visima si jambo gumu kuanzisha. Kinachohitajika ni kuandika, kwa kila kisima, tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo cha mhusika, aina ya mtambo wa kuchimba, kina kilichofikiwa na matatizo aliyoyashughulikia yeye mwenyewe, kisha kumwomba msimamizi wa zamu atie sahihi. Tahadhari moja inafaa. Ripoti za kila siku, vipimo vya joto na ramani za visima ni mali ya mwenye mradi. Mwombaji anayefungua kompyuta mbele ya wahoji na kuwaonyesha nyaraka za mwajiri wake wa zamani huwa anawaeleza jinsi atakavyowatendea wao pia.

Maswali ya kiufundi katika mahojiano hayo huwa ya matukio kuliko ya nadharia. Mfano unaofaa kufikiriwa ni huu: mwombaji anaambiwa kwamba yuko zamu ya usiku, kisima kimefika mita kadhaa, na ghafla maji au tope la kuchimbia lililokuwa likizunguka na kurudi juu limeacha kurudi. Afanye nini?

Aliyefunzwa katika visima vya mafuta hujibu haraka kwamba huo ni msiba unaopaswa kuzibwa. Aliyefunzwa Olkaria anapaswa kwanza kuuliza swali: tuko sehemu gani ya kisima? Kisima cha mvuke hukingwa kwa mabomba ya chuma yanayoshikizwa kwa saruji, kuanzia lile pana la juu hadi bomba la uzalishaji linaloshuka mamia ya mita na mara nyingine kupita mita 1,000. Ikiwa tope limepotea katika sehemu hiyo ya juu, tatizo ni la kweli, kwa sababu saruji nayo itapotelea katika nyufa zile zile, na bomba lisiloshikizwa vizuri litakuja kupinda au kupasuka kisima kitakapopata joto. Hapo ndipo huzibwa kwa saruji au kwa vitu vingine vya kuzibia.

Chini ya bomba la uzalishaji hadithi hubadilika kabisa. Visima vingi vya Olkaria huenda kati ya mita 2,000 na 3,000, ambako joto linaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Huko chini, maji kupotea katika mwamba ni habari njema, kwa maana nyufa zinazoyameza maji leo ndizo zitakazotoa mvuke kesho. Kuziziba ni kuua kile kilichofuatwa. Hatari ya pale ni nyingine: chenga za mwamba zisipoinuliwa na kutolewa, hutua na kulibana bomba la kuchimbia, na bomba lililonaswa linaweza kuugharimu mradi majuma kadhaa. Ndiyo sababu huchimbwa kwa maji yaliyochanganywa na hewa na povu, ili yawe mepesi na yaweze kurudi juu na chenga hizo. Mwombaji anayeeleza tofauti hii kwa utulivu, akitaja kisima alichokiona kikifanya hivyo na hatua aliyochukua, hahitaji kujisifu kwa lolote jingine.

Swali la pili ambalo halikosi ni la gesi. Mvuke hutoka ardhini pamoja na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo kila mkazi wa Olkaria anaijua. Mazoea hayo ndiyo mtego. Gesi hiyo inapokuwa kidogo pua huinusa, lakini inapozidi huiua hisi ya kunusa, na mtu akadhani hewa imesafika. Jibu lisemalo "nitaisikia harufu" linatosha kumwondoa mwombaji katika orodha. Wahoji hutaka kusikia habari za vifaa vya kupimia, za kuangalia upepo unaelekea wapi, na za kutomkimbilia mwenzako aliyeanguka shimoni chini ya mtambo kabla ya kuvaa kifaa cha kupumulia. Jambo hili la mwisho ni gumu kwa Mwafrika aliyelelewa kwamba mwenzako akianguka unamwinua. Lakini vifo vya waokoaji kwa gesi hii ni jambo linalofahamika katika kazi ya mafuta, na wahoji huliuliza kwa makusudi.

Kuhusu vyeti, wengi huombwa hati ya kimataifa ya udhibiti wa visima, ijulikanayo kwa kifupi IWCF. Hati hiyo imejengwa zaidi juu ya kazi ya mafuta na ina muda wa kuisha, hivyo inafaa kuangalia tarehe yake kabla ya kuandika barua ya maombi. Mafunzo ya mvuke nayo yana uzito wake. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wataalamu wengi zaidi katika programu ya miezi sita ya Iceland iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka wa 1979, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri kina taasisi yake ya mafunzo na utafiti wa nishati ya mvuke. Aliyehudhuria lolote kati ya hayo asiliache mwishoni mwa wasifu wake kana kwamba ni semina ya siku mbili.

Mahojiano mengi siku hizi hufanywa kwa simu au kwa video, na mtu hujikuta akijibu maswali ya mzigo wa mtambo akiwa chumbani huku jirani akipiga muziki. Kutafuta mahali patulivu penye mtandao wa kuaminika ni sehemu ya matayarisho. Ikiwa mhoji ni Mwethiopia, Mswahili ana bahati moja ndogo: wao nao huhesabu saa kama sisi, saa moja ikiwa ni ile ya baada ya jua kuchomoza. Kalenda yao lakini ni nyingine, ina miezi 13, huanza mwaka mwezi wa Septemba na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba hadi minane. Mkataba wowote wa huko unapaswa kuonyesha tarehe za kuanza na za kumaliza kwa kalenda inayoeleweka na pande zote mbili.

Mambo ya pesa ndiyo yanayowapoteza wengi, na si kwa sababu hawajui kuhesabu. Chukua mfano wa fundi aliyeahidiwa dola 150 kwa siku. Akizidisha kwa 30 anapata dola 4,500 kwa mwezi, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni shilingi 585,000. Tayari kichwani amekwisha kununua ploti Naivasha. Lakini mkataba unasema atafanya kazi siku 28 na kupumzika siku 28, na siku za mapumziko hazilipwi. Kwa mwaka atakuwa kazini takriban siku 182, yaani dola 27,300, sawa na dola 2,275 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 295,750, kabla ya kodi, kabla ya nauli ikiwa nauli ni juu yake, na kabla ya siku za safari ambazo waajiri wengine huzihesabu kuwa ni mapumziko yake. Zinaweza bado kuwa nyingi kuliko anazopata nyumbani. Zinaweza pia zisiwe nyingi kiasi cha kumfanya aache kazi yenye pensheni.

Sarafu ya malipo nayo haifai kuachwa kwa imani. Mwishoni mwa Julai 2024 Ethiopia iliiachia sarafu yake, birr, ijitafutie bei sokoni. Dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa birr 57 hivi ilipita birr 100 ndani ya wiki chache. Mgeni ambaye mshahara wake wote ulikuwa umeandikwa kwa birr aliona thamani yake ikikatika karibu nusu bila mwajiri kupunguza hata senti. Dola nayo si mwamba: Januari 2024 ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi takriban 130. Aliyekopa nyumbani kwa shilingi akitegemea kulipa kwa dola alijikuta na deni lile lile na mapato yaliyopungua kwa karibu moja kwa tano.

Kodi huwafikia hata walio mbali. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya humtoza mkazi wa Kenya kodi ya mapato ya kazi yake hata akiifanya nje ya nchi, na anayedumisha makao yake ya kudumu hapa, kwa mfano familia na nyumba Naivasha, anaweza kuhesabiwa mkazi kwa mwaka ambao alikuwapo nchini kwa muda wowote. Kodi aliyokatwa huko nje inaweza kuzingatiwa, mradi awe na hati za kuthibitisha. Hati hizo huombwa wakati mtu angali kazini.

Kisha kuna mahali penyewe. Ziwa Assal liko takriban mita 155 chini ya usawa wa bahari, pahali pa chini kabisa barani Afrika, na joto la kiangazi huko hupita nyuzi 40. Mtu aliyezoea asubuhi za baridi za Olkaria, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, hana budi kufanyiwa uchunguzi wa kiafya kwa nia ya kweli wala si kwa ajili ya kupata muhuri. Lugha nayo ni suala la usalama. Huko Djibouti wafanyakazi wenyeji huzungumza Kisomali, Kiafar na Kifaransa. Tulu Moye iko katika Oromia. Amri ya kusimamisha mtambo isipoeleweka kwa sekunde tatu, haijatolewa. Mwombaji ana haki ya kuuliza ni lugha gani hutumika kwenye sakafu ya mtambo, na nani hutafsiri.

Suala la usalama wa nchi pia lina mahali pake katika mahojiano. Vita vya Tigray vilivyozuka Novemba 2020 vilidumu miaka miwili, na Novemba 2021 hali ya hatari ilitangazwa Ethiopia nzima, kazi za uchimbaji zikiwa ndani ya muda wa kandarasi. Mkataba ueleze nani atakayewaondoa wafanyakazi kukitokea machafuko, kwa gharama ya nani, na kama mshahara utaendelea kulipwa wakisubiri.

Sheria ya Kenya haiko kimya juu ya haya. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uwe kwa maandishi katika muundo uliowekwa, utiwe sahihi na pande husika na kushuhudiwa na afisa wa kazi. Kabla ya kushuhudia, afisa huyo hutakiwa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, ameyaelewa masharti, ana afya inayofaa kazi hiyo na hafungwi na mkataba mwingine. Mwajiri asiyeishi wala kufanya biashara nchini anaweza kutakiwa kuweka dhamana. Mawakala nao wanapaswa kuwa na leseni, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ndiyo inayowasajili. Jina la wakala linaweza kuhakikishwa huko kabla ya kumpa hata nakala ya pasipoti.

Mafundi wengi huona safari ya kwenda ofisi ya kazi kuwa ni kupoteza siku, hasa wanapoambiwa na wakala kwamba ndege inaondoka kesho kutwa. Haraka ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kumtia mtu shaka. Mtambo wa kuchimba husafirishwa kwa malori mengi na kusimikwa kwa majuma. Kampuni inayojua kazi yake haigundui leo kwamba inahitaji wachimbaji keshokutwa.

Upande wa pili wa mizani ni nyumbani, na nyumbani si Olkaria peke yake. Kampuni ya serikali ya GDC imekuwa ikichimba Menengai, juu ya mji wa Nakuru, tangu 2011, na mwaka wa 2023 mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 35, ulianza kutumia mvuke wa huko. Kaskazini zaidi, katika Kaunti ya Baringo, uchimbaji wa Paka ulianza mwishoni mwa 2018. Kandarasi ya ng'ambo ya visima vitatu huisha kisima cha tatu kikiisha, pengine mapema zaidi kama fedha za mradi zitakwama, na aliyekwenda atarudi kutafuta nafasi katika sehemu hizi hizi, mbele ya watu wale wale aliowaaga.

Kwa aliye na ajira ya kudumu, hilo humaanisha kuomba likizo isiyo na malipo badala ya kujiuzulu, na kuomba jibu kwa maandishi. Wakubwa wengine hukataa, wengine hukubali kwa mwaka mmoja. Barua ya kukubaliwa, ikiwa na tarehe ya kurudi na cheo atakachorudia, inafaa iwe mkononi kabla ya mkataba wa nje kutiwa sahihi, na nakala yake iachwe kwa mke, mume au mzazi pamoja na nakala ya mkataba, jina kamili la mwajiri, na namba ya ubalozi wa Kenya katika nchi aendayo.